Nguzo Iliyokula Penseli

Penseli ya kwanza ilipotea Jumatatu, na hakuna aliyeililia. Ya pili na ya tatu zikafuata Jumanne. Kufikia Ijumaa zilikuwa zimepotea kumi na moja, na Mwalimu, ambaye kwa watoto kumi na sita wa chekechea yake alikuwa serikali, mahakama na zahanati kwa pamoja, alisimama katikati ya veranda akashika kiuno.

"Leo haendi mtu nyumbani," alitangaza, "mpaka penseli zangu zirudi."

Watoto wakatazamana. Mmoja alianza kulia mapema, ili kama kuna adhabu inakuja imkute ameshatangulia. Ndipo Kibogoyo, msichana wa miaka mitano aliyekuwa amepoteza meno mawili ya mbele bila kupunguza hata neno moja kwa siku, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, amezila."

"Nani amezila?"

"Yule." Akaionyesha nguzo ya pembeni, ile inayobeba kona ya paa. "Ana njaa. Tunamlisha moja moja."

Ndani ya nyumba, Fundi Kioo, mume wa Mwalimu, alikuwa akipiga msasa droo. Aliposikia hayo aliweka msasa chini akatoka kuja kucheka. Alikuwa mtu mzito, asiyecheka ovyo, na alipopata nafasi hakupenda kuikosa.

"Nguzo yangu inakula penseli! Haya mjukuu, hebu ilishe nione."

Kibogoyo hakuhitaji kuombwa mara mbili. Alichukua penseli mpya, akachuchumaa penye mguu wa nguzo, mahali ambapo vanishi ilikuwa imetunga kama lengelenge la moto, akaisukuma kwa kidole gumba. Penseli ikaingia kama kisu kwenye parachichi lililoiva. Ikaingia nusu, ikaingia yote, ikatoweka. Darasa zima likapiga makofi.

Fundi Kioo alikuwa bado ameacha mdomo wazi kwa ajili ya kicheko, ila kicheko chenyewe hakikutoka.

Jina la Kioo alipewa kwa haki. Milango ya makabati yake iling'aa hivi kwamba wateja walijifunga vilemba wakijitazama humo. Na veranda hii aliijenga kwa mkono uleule: ulimi wa ubao mmoja ukaingia kwenye mfereji wa mwenzake, kila kiungo kikajazwa puti, miguu ya nguzo ikapandwa ndani ya saruji kama jino kwenye ufizi, kisha vanishi ileile ya makabati, mikono sita, mmoja juu ya mwingine. Mgeni yeyote aliyefika aliinamishwa akague sakafu. "Tafuta upenyo," Fundi alimwambia. "Ukiupata, nakupa kabati." Miaka mitatu ilipita na hakuna aliyeondoka na kabati.

"Baba Watoto," Mwalimu alisema taratibu, "Alhamisi mkaguzi anakuja."

"Najua."

"Asipotupa kibali, tunafunga."

"Nimesema najua."

Alijua sana. Siku hizi watu walinunua makabati ya kuunganisha, yanayouzwa ndani ya boksi pamoja na karatasi ya maelekezo, na yeye alikuwa hajauza kabati tangu mvua za mwaka jana. Nyumba ile ilikula kwa ada za watoto kumi na sita. Veranda ikifungwa, hata sufuria ingejua.

*

Watoto walipochukuliwa na wazazi wao, mke na mume waliinama mbele ya nguzo kama madaktari wawili wasiokubaliana.

"Tumwite kaka yangu," Mwalimu alisema.

"Nani? Mabanda?"

"Ana jina lake."

"Jina lake ni Mabanda. Anajenga mabanda ya kuku, mke wangu. Kuku hawana macho ya kuona mbao zimepinda."

"Banda lake lina miaka kumi na tisa."

"Na limeonekana baya miaka yote kumi na tisa." Fundi Kioo akaipapasa nguzo kama anayembembeleza farasi. "Hili ni jeraha dogo. Nje ya ngozi. Mimi nimefufua kabati lililoangushwa kutoka kwenye lori, sembuse hii?"

"Kabati halinyeshewi."

Aliendelea kuipapasa. Mvua ilikuwa imeanza tena, ile nyembamba isiyo na kelele inayoweza kukaa wiki nzima bila kuchoka. Maji yaliteremka juu ya nguzo, yakafika kwenye saruji, yakakosa pa kwenda, yakakaa hapo kwenye kijisahani kidogo kuzunguka mguu. Fundi aliyaona. Aliyaona pia miaka mitatu iliyopita, akadhani yanapendeza.

Kuanzia Jumapili, kwa siku nne, alifanya kazi ambayo katika maisha mengine ingempatia zawadi. Alichanganya unga wa mbao na gundi, akakanda kama anakanda unga wa maandazi, akaushindilia ndani ya tundu mpaka likajaa. Akasawazisha kwa patasi. Akapiga msasa wa kwanza, wa pili, na ule laini unaotumika kwa meza za mabwana wakubwa. Kwa brashi ya nywele tatu akachora mistari ya mti juu ya puti, na hata kifundo kidogo cha tawi, kwa sababu hakupenda mambo nusunusu. Mwisho, Jumatano jioni, akaipaka vanishi.

"Chini pabichi bado," Mwalimu alisema, akiwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Patakauka."

"Patakaukia wapi, na umepafunika?"

"Mwalimu," alijibu bila kugeuka, "mimi sikufundishi a, e, i, o, u."

Mwalimu akageuka, akarudi ndani na chai. Chai hiyo ilikuwa ya Fundi.

*

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo aliyevaa viatu vya kazi na kubeba fomu kwenye ubao wa kubania karatasi. Hakuwa na maneno mengi. Alihesabu vyoo, akafungua bomba, akanusa ndoo ya maji, akapima kwa macho umbali wa jiko. Kila alipoandika kitu, Fundi Kioo alichungulia fomu.

Alifika verandani. Watoto walikuwa wameketi mistari minne, wamepakwa mafuta wakang'aa karibu sawa na sakafu.

"Sakafu nzuri sana hii," mkaguzi alisema.

"Tafuta upenyo," Fundi Kioo alisema, mdomo ukimtangulia. "Ukiupata, nakupa..."

"Baba Watoto," Mwalimu akamkatiza.

Mkaguzi alitabasamu, akaegemea nguzo kwa kiganja ili aandike. Alipotaka kuondoa kiganja, kikachelewa kidogo. Vanishi ilikuwa haijakauka. Kikatoka na sauti kama ya busu.

"Mbichi?"

"Tumeongeza mng'ao kidogo tu. Kwa heshima yako."

"Haya." Akafuta mkono kwa leso, akafungua ukurasa wa mwisho, ule wenye mahali pa sahihi. Kalamu yake ya bluu, nzito, yenye kibanio cha fedha, ikashuka kuelekea karatasi. Kwa kuhesabu, zilikuwa zimebaki sentimita mbili.

"Mmemziba mdomo!"

Ilikuwa sauti ya Kibogoyo. Alikuwa amesimama, machozi yamemlenga, akinyoosha kidole penye mguu wa nguzo. "Mwalimu, wamemziba mdomo! Sasa atakula wapi?"

Kalamu ikasimama.

"Nani kazibwa mdomo?" mkaguzi akauliza.

"Watoto wa siku hizi wana ndoto nyingi," Fundi Kioo akasema haraka.

"Hapa," Kibogoyo akasema, akaenda akaweka kidole juu kabisa ya kile kifundo cha tawi kilichochorwa kwa brashi ya nywele tatu.

Mkaguzi akachuchumaa. Alikitazama kifundo kwa muda, na mtu asiyemjua angedhani anakisifu. Kisha akakibonyeza kwa ncha ya kalamu. Puti ikabonyea. Akabonyeza zaidi. Kibandiko chote, kazi ya siku nne, kikateleza ndani kama kizibo kilichozama chupani, na kalamu ya bluu ikakifuata, na kwa mbali ndani ya nguzo ikasikika tii, ilipogonga penseli.

"Amekula!" darasa likashangilia.

Mkaguzi alibaki amechuchumaa, vidole vimeshika hewa. Kutoka kwenye tundu mchwa wawili wakachungulia, wakaona wageni ni wengi, wakarudi ndani.

"Siku kumi," alisema aliposimama. "Hakuna mtoto kukaa chini ya paa hili mpaka nirudi. Nikikuta hivi, nafunga." Akatafuta kalamu ya kuandikia hayo, akakumbuka ilipo. Mwalimu akampa chaki.

*

Watoto wakahamia sebuleni. Wanane walikaa kwenye makochi, wengine juu ya meza, na wawili ndani ya kabati la Fundi Kioo ambalo halijapata mteja, milango wazi. Siku ya pili baba mmoja alikuja kumwondoa mwanawe.

"Si kwamba siwaamini, Fundi," alisema akimvisha mtoto viatu. "Ila nguzo ikianza na penseli, haitaishia penseli."

Wakabaki kumi na watano. Siku ya tatu wakabaki kumi na watatu. Mwalimu alihesabu jozi za viatu zilizobaki mlangoni, kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni. Siku ya nne Fundi Kioo alivaa shati safi, akaenda kwa shemeji yake.

Mabanda alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akimenya mua kwa meno. Alimwona shemeji yake tangu akiwa getini, akamsubiri afike, asalimie, avute pumzi.

"Karibu, shemeji. Umekuja kutafuta upenyo?"

Fundi Kioo alikuwa amejiandaa kwa mengi njiani, ila si kwa hilo.

"Nimekuja kuangalia banda," alisema.

"Angalia. Halina kiingilio."

Lilikuwa baya kama alivyolikumbuka. Mbao zilikuwa na rangi ya jivu, kila moja imeachana na mwenzake kama ndugu waliogombania shamba. Miguu haikugusa udongo. Ilisimama juu ya mawe. Juu ya kila nguzo kulikuwa na kofia ya bati iliyokatwa kwenye kopo la rangi. Paa lilitokeza mbele kama kofia iliyovutwa usoni. Fundi Kioo alitoa patasi mfukoni, akahakikisha shemeji anatazama mua wake, akaisukuma kwenye mguu wa banda kwa nguvu zake zote. Haikuingia. Akagonga kwa kucha. Ubao ukalia kavu, kama mlango wa ofisi.

"Miaka kumi na tisa," Mabanda alisema bila kugeuza kichwa. "Na hao wapangaji wanajisaidia humo kila siku."

"Umeupaka nini?"

"Oili chafu ya gari. Lakini oili ni nguo tu, shemeji. Mwili wenyewe ni upepo. Maji yakiingia hapa, yanatoka hapa. Ubao unalowa asubuhi, mchana unakauka. Wa kwako ulilowa mwaka ule ulipoujenga, na mpaka leo unangoja mchana."

"Mimi sikuacha hata tundu la maji kuingilia!"

"Yanaingia kichwani, pale ulipokata ubao. Yanaingia pale mtoto alipokwaruza kwa kiti. Yakishaingia, yanakuta vanishi mikono sita, milango yote imefungwa. Mchwa naye akisikia kuna pabichi penye giza, unadhani atangoja barua?" Akatema makapi ya mua. "Veranda umeijenga kama kabati, na ukaiweka mvuani."

Fundi Kioo aliangalia kuku. Kuku nao wakamwangalia.

"Zimebaki siku sita," alisema.

"Nitakuja. Ila masharti mawili. Randa zako zibaki ndani. Na kwenye kazi hii, msaidizi ni wewe."

*

Walipong'oa ubao wa kwanza harufu ya gunia lililolowa ilipanda ikajaza ua. Juu, vanishi iling'aa bado; mtu angeweza kunyolea ndevu hapo. Chini, ubao ulikuwa mweusi, laini, umeota kuvu jeupe kama pamba. Njia za mchwa zilipanda kwenye boriti za kubebea sakafu, zimejengwa kwa udongo vizuri, zimenyooka. "Mafundi hawa," Mabanda alisema kwa heshima ya kweli. "Na wao hawapendi upenyo."

Nguzo walipoipasua, Mwalimu aliita watoto washuhudie. Zilitoka penseli kumi na mbili na kalamu moja ya bluu. Penseli za kwanza mchwa walikuwa wamekula mti wote wakaacha ile risasi ya katikati tupu, kama mtu aliyekula samaki akaacha mwiba. Kibogoyo aliziangalia kwa kuridhika. "Niliwaambia ana njaa."

Mabanda alitaka kupaka oili chafu. Mwalimu akakataa.

"Si hapa, kaka. Watoto wanalamba."

"Nani analamba nguzo?"

Wote wakamtazama Kibogoyo, naye akatazama juu.

Basi Fundi Kioo akatumwa dukani kuleta dawa ya mbao, yeye, aliyezoea kutuma. Akatumwa tena kuleta brashi. Akachovya vichwa vya mbao kwenye ndoo ya dawa, kimoja baada ya kingine, na kila alipokitoa upesi Mabanda alisema, "Kirudishe. Hakijanywa." Zikaanikwa kivulini siku mbili, mbali na watoto. Nguzo mpya zikasimama juu ya vyuma, kimo cha ngumi kutoka kwenye saruji. Fundi Kioo alipiga goti akaona mwanga upande wa pili, chini ya nguzo, na akajisikia kama aliyeona mtu mzima akitembea bila suruali.

Kwenye sakafu ndipo waligombana.

"Acha nafasi ya kidole gumba kati ya ubao na ubao," Mabanda alisema.

"Kidole gumba! Hawa si kuku, shemeji. Mguu wa mtoto utazama. Penseli zitapita, kiti kitanasa."

"Sasa unataka nini? Uzibe tena?"

Fundi Kioo aliokota penseli moja iliyonusurika, akailaza juu ya ubao. Akachambua boksi la misumari, akaweka msumari mmoja kando ya penseli, akautupa. Akaweka wa pili, akautupa. Wa tatu ulikuwa mwembamba kuliko penseli kwa unywele tu.

"Huu," alisema. "Upenyo uwe upana wake: maji yanapita. Penseli haipiti."

Mabanda aliuchukua, akaugeuza, akautia mdomoni upande mmoja kama kijiti cha meno. "Hilo umesema," alikubali. Kwa siku sita hizo, ndilo neno pekee zuri Fundi Kioo alilosikia, na alilitafuna hadi chakula cha mchana.

Baada ya chakula Mabanda alirudi akakuta mbao tatu zimesogezwa zikabanana, kiungo kimejazwa puti, kimepigwa msasa laini.

"Shemeji."

"Ulijiendea wenyewe mkono."

"Zing'oe."

Akazing'oa.

*

Siku ya kumi ilinyesha tangu alfajiri. Mkaguzi alifika na mwavuli, akaukunja, akasimama verandani. Hakusema sakafu ni nzuri. Ilikuwa imepakwa rangi ya kijani ya kawaida, isiyong'aa. Matone yaliyorushwa na upepo yalitambaa juu ya mbao kidogo, yakafika kwenye upenyo, yakashuka. Chini yalisikika yakidondoka kwenye kokoto.

Alibonyeza nguzo kwa ncha ya mwavuli. Akabonyeza ya pili. Kwenye ile ya pembeni akakuta Kibogoyo yupo tayari, na penseli, akiidunga nguzo pande zote, kuanzia chini mpaka mkono wake ulipofika.

"Vipi?" mkaguzi akamuuliza.

"Huyu hana mdomo," Kibogoyo akasema, akasikitika.

Mkaguzi akafungua ukurasa wa mwisho, akapapasa mifuko. Fundi Kioo akasogea, akatoa kalamu ya bluu yenye kibanio cha fedha, iliyosafishwa, iliyopigwa msasa kidogo palipokuwa na madoa. Hakuweza kujizuia, alikuwa ameipaka vanishi pia. Mkaguzi akaitazama, akamtazama yeye, akatia sahihi.

"Kuna mahali pa jina la fundi," alisema. "Aliyejenga ni nani?"

Mabanda alikuwa ameketi kwenye ngazi, ghafla akivutiwa sana na mawingu. Mwalimu alikuwa akimfunga mtoto kamba za viatu, kamba zilizokwisha kufungwa.

"Shemeji yangu," alisema Fundi Kioo.

"Na wewe?"

Fundi Kioo aliutazama upenyo kati ya mbao mbili.

"Nilishika msumari."

Mkaguzi akaandika: *msaidizi*. Akampa fomu aweke sahihi, naye akaiweka, kwa mwandiko mzuri mno kwa neno hilo. Kisha mwavuli ukafunguka, akaondoka, na kibali kikabaki juu ya meza. Mwalimu alikisoma mara mbili, akakiweka ndani ya kabati lisilouzika, akafunga milango.

Watoto walikuwa tayari sakafuni. Walikuwa wamegundua mchezo mpya: unaviringisha penseli, inakimbia, inafika kwenye upenyo, inakwama. Haipiti. Walikuwa wakishangilia kila moja iliyokwama. Fundi Kioo aliwatazama, kisha akapiga goti kona ya mbali, akajifanya anakagua misumari. Kidole chake kilipita juu ya upenyo, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama ulimi unaotafuta jino lililong'oka.

Kivuli kikamwangukia.

"Mfukoni una nini?" Mwalimu akauliza.

"Hakuna kitu."

Mwalimu akanyoosha kiganja, vilevile anavyowanyooshea watoto. Fundi Kioo aliangalia kiganja, akaangalia upenyo. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa donge la puti, dogo, limekandwa likawa laini, akaliweka pale.

Kiganja hakikuondoka.

"Na mfuko ule mwingine."